Mguu wa Nyuma, Kushoto

Si Bouchaib, na "Si" kwetu ni "Bwana", alimsamehe shemeji yake mambo mengi. Alimsamehe kwa kumaliza nyama yote ya juu ya kuskusi siku ya posa. Alimsamehe kwa kuazima ngazi mwaka wa mvua kubwa na kuirudisha imepungua vipandio viwili, kama ngazi iliyokwenda kuhiji ikarudi imekonda. Jambo ambalo hakuweza kumsamehe, wala hakujaribu, ni farasi.

Na farasi mwenyewe hakuwa wa shemeji peke yake. Maati, fundi wa rejeta, alikuwa na miguu miwili ya mbele tu. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa wa Kabbour, muuza supu ya konokono. Wa nyuma wa kushoto ulikuwa wa Hajji Jilali, mfugaji wa upande wa Settat ambaye farasi alizaliwa zizini kwake. Hapa Casablanca ndivyo tunavyonunua farasi sisi tusioweza kununua farasi. Tunagawana miguu kama watu wanaogawana mbuzi, ila mbuzi akishagawanywa huwa ameacha kula.

Sasa, huo mguu wa nyuma wa kushoto ndio kidonda chenyewe. Miaka minne iliyopita Bouchaib aliletewa yeye kwanza, mezani kwake, mkahawani kwa Thami, kwa dirham elfu sita. Maati alimwekea picha ya mtoto wa farasi mwenye rangi ya majivu na doa jeusi pajani, ambalo ndilo lililompa jina la Shama. Bouchaib akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa.

"Huu ni mguu wa meza," akasema. "Tena meza ya kukodi."

"Shemeji, mtazame vizuri."

"Maati, dada yako nimeshamuoa. Bidhaa za familia yenu zinanitosha."

Mkahawa mzima ulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga chai. Hajji Jilali akabaki na mguu wake, Shama akakua, akaanza kushinda, na kile kicheko kikaanza kumrudia Bouchaib kila Jumapili.

Ni lazima mjue alikotokea. Kwa miaka thelathini na mmoja Bouchaib alikuwa mlinzi wa kizuizi cha reli, pale treni za fosfeti zinapokata barabara. Kazi yake ilikuwa kushusha mti, kusubiri, kisha kuupandisha, huku akiwatazama watu wenye magari wakienda mahali. Alianza kubeti akiwa na miaka kumi na tisa, siku mpishi wa reli alipopata farasi watatu kwa mpangilio na kununua pikipiki nyekundu. Mpishi alipita na pikipiki hiyo kwenye kizuizi chake asubuhi na jioni, akipiga honi. Bouchaib hakuwahi kuipenda pikipiki, na hakujua hata kuiendesha. Lakini aliniambia kwamba sauti ya honi ile bado anaisikia akilala upande wa kulia.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda farasi. Ila mpe gazeti la mbio za Ufaransa na atakwambia farasi gani anapenda matope, mpandaji gani ana mke mkali, na kwa nini yule wa namba nane hawezi kushinda mwezi wa Machi. Yeye ndiye mwalimu wetu. Mtu akitaka kuweka dau anampelekea mkeka, ile karatasi ya kubetia, auangalie kwanza, na mkeka ukichanika tunasema farasi ndiye aliyekosea.

Ushindi wa tatu wa Shama ulileta picha. Maati aliitia kwenye fremu ya dhahabu na Thami akaitundika juu ya mashine ya kahawa: Maati kashika hatamu, Kabbour kacheka bila meno ya pembeni, Hajji Jilali kasimama kama mtu anayepimwa shati, na katikati Shama, masikio juu. Tangu siku hiyo Bouchaib alihamisha kiti chake ili aipe picha mgongo. Kisha akagundua kwamba anaiona kwenye kioo cha mlango.

"Zawadi ya kwanza kiasi gani, Si Maati?" aliuliza siku moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Elfu ishirini na nne."

"Tabarakallah. Toa ya mkufunzi."

"Tumetoa."

"Toa ya mpandaji. Toa lori. Toa fundi wa viatu, toa daktari, toa shayiri. Kimebaki nini?"

Kabbour akajibu akiwa amejaza mkate mdomoni: "Kilo mbili za ndizi na heshima."

"Heshima mmegawana vipi, kwa mguu?"

"Maati kapata mbili, mimi moja."

"Na tumbo? Miguu mmenunua, tumbo ni la nani?"

"Tumbo ni la wote," akasema Maati.

"Basi tumbo ndilo farasi wenu. Linakimbia kila siku na halijawahi kushindwa."

Thami, mwenye mkahawa, alikuwa anafuta glasi chini ya televisheni, ambapo farasi wa Ufaransa walikuwa wanakimbia kwenye mvua. "Nyie chekeni," akasema. "Hapa kuna wanaume arobaini. Kila mmoja anamjua bibi mzaa mama wa farasi wa Ufaransa, na uwanja wetu wenyewe hawajui una milango mingapi. Hajji Jilali mwaka wa ukame kauza majike wawili wa kuzalisha, kwa sababu nyasi kavu zilikuwa ghali kuliko mkate."

"Wakubwa wanasema pesa za dau zetu zinarudi kwa wafugaji," akasema Kabbour.

"Zinarudi kwa miguu," nikasema mimi. "Ndiyo maana zinachelewa."

"Nyamaza, wewe uliyeshindwa na chuo kikuu," akaniambia Bouchaib. Hapo nikajua hasira yake haihusu wafugaji.

Jambo lenyewe lililomponza ni neno moja. Kwetu mtu hasifii mtoto, gari, jokofu wala jino jipya bila kutanguliza tabarakallah. Ukisifu kavukavu, umelituma jicho lako likafanye kazi. Kwenye pesa Bouchaib hakulisahau neno hilo. Kwenye farasi lilikuwa linamkwama kooni kama mwiba wa dagaa.

Mara ya kwanza walikuwa wanampakia Shama kwenye lori kuukuu la Kabbour kwenda mbio za El Jadida. Bouchaib akapita, eti anakwenda kununua mnanaa, akasimama. "Leo ana mgongo kama kochi la bwana harusi," akasema.

Wapakiaji wakageuka. Hata Shama aligeuza shingo.

"Sema tabarakallah, shemeji," akasema Maati.

"Nimesema moyoni."

Lori lilipasuka gurudumu kabla halijafika Azemmour, na mbio zikafanyika bila wao. Mara ya pili alisifu pumzi zake, na Shama akakohoa wiki tatu. Mara ya tatu alisifu viatu vipya, na kiatu cha nyuma kikang'oka kwenye kona ya mwisho, akamaliza wa saba. Kila mara aliulizwa, na kila mara alikuwa amesema moyoni.

"Hilo si jicho," akasema Kabbour. "Hiyo ni bunduki."

Maati aliacha kumsalimia. Nyumbani, Lalla Hniya, ambaye ni mke wa mmoja na dada wa mwingine, alimfukizia mumewe ubani na mbegu za harmal mpaka akanuka kama nyama ya kukausha.

"Bouchaib, kama unataka farasi, sema."

"Nani anataka farasi?"

"Usingizini unapiga midomo kama mtu anayeita mnyama."

"Naota kahawa ya moto."

Kisha ikaja habari ya mbio kubwa za majira ya kuchipua, zile za farasi wetu wa Kibarbari na Kiarabu, zawadi ya kwanza elfu sitini. Shama alikuwa anatajwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Burkan, farasi mweusi wa tajiri mmoja wa saruji, ambaye zizi lake, walisema, lina feni za darini.

Siku tatu kabla ya mbio, Maati na Kabbour walibisha hodi nyumbani kwa Bouchaib, wamebeba mche wa sukari uliofungwa karatasi la buluu. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kumrudishia gazeti lake. Bouchaib aliutazama mche ule, na sote tunajua mche wa sukari huletwa kwa mambo gani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shemeji."

"Basi mmekuja kuposa. Binti zangu wote wameolewa."

Maati alikaa, akanywa chai glasi mbili, akauliza afya ya kila mtu pamoja na paka. Ndipo Kabbour akachoka.

"Si Bouchaib, Jumapili nenda ukamsifu Burkan."

"Vipi?"

"Unavyojua wewe. Kavukavu. Simama karibu naye, tazama, sifu, ondoka."

Bouchaib aliweka glasi chini polepole. "Yaani mwaka mzima mnaniita hasidi mpaka kwa muuza mkate, halafu mnaniletea sukari ili nifanye uhasidi?"

"Mtu akiwa na kipaji, shemeji..." akasema Maati.

"Mjinga mwenye kipaji ndiye anayefanya kazi bure. Nataka mguu."

"Mguu kwa jicho!" Kabbour akaruka. "Mimi mguu wangu nimeuchemshia konokono miaka minne!"

Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Hajji Jilali alipigiwa simu, akasikika akicheka, kisha akikohoa, kisha akifikiri. Mwishowe akakubali kutoa kwato ya mguu wake wa nyuma wa kushoto. Kwato tu. Mguu ungebaki wake, na mwenye kwato angenunua viatu. Tena Shama ashinde kwanza. Asiposhinda, hakuna kwato.

"Kwato bila mguu itasimama juu ya nini?" akauliza Hniya kutoka jikoni.

Bouchaib hakumsikia. Alikuwa amekwisha kuona fremu ya dhahabu. "Na nitakuwemo kwenye picha?"

"Utakuwemo kwenye picha."

"Nimeshika hatamu?"

"Utakuwemo kwenye picha, shemeji," akasema Maati tena. Mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja kwenye kizuizi alipaswa kuutambua mti ulioshushwa, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumapili alitoka na tarbushi nyekundu ya harusi yake, iliyokuwa imekaa sandukuni tangu harusi hiyo. Uwanjani watu hawakuwa wengi kama zamani. Nusu ya waliokuja walikuwa wameinamia simu, wanabeti mpira. Tukaenda kwenye duara ambako farasi hutembezwa kabla ya mbio, tukasimama kwenye uzio, na Burkan akapita hatua mbili kutoka puani kwetu.

Niseme ukweli: sijawahi kuona mnyama kama yule. Alikuwa mweusi mpaka anaelekea buluu, na kila alipoweka mguu chini ilikuwa kama anaifanyia ardhi hisani. Nikasema tabarakallah haraka kabla sijaharibu kazi ya watu.

Bouchaib alikodoa macho. Akavua miwani, akavaa tena. Burkan akazunguka mara moja, mara ya pili.

"Vipi?" nikamnong'oneza.

"Hakuna kitu."

"Hakuna nini?"

"Hapa." Akajigonga kifua. "Namtazama kama ninavyotazama mwezi. Ni mzuri, sawa. Una faida gani?"

"Basi mwonee gere mwenye farasi. Yule pale, mwenye miwani ya jua."

Bouchaib alimtazama tajiri wa saruji kwa juhudi, kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Akatikisa kichwa. "Simjui. Hajawahi kula nyama yangu ya kuskusi."

Jasho lilikuwa linamtoka chini ya tarbushi. Kwato ilikuwa inampotea hivi hivi, kwa sababu ya moyo uliogoma kumchukia mtu asiyemjua. Akasema kwa sauti, kwa ajili ya kutimiza mkataba: "Farasi mzuri sana huyu!" Maneno yakaanguka chini kama punje za shayiri, na Burkan hata hakupepesa.

Hapo ndipo Shama alipoingia kwenye duara.

Mtunzaji wake alikuwa amempisha Maati ashike hatamu kwa mzunguko mmoja. Maati alikuwa na jalabia nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata na makubadhi mapya ya njano, na anatembea taratibu kama vile ardhi ile ilikuwa ya baba yake. Kwenye uzio wa upande wa pili alisimama Lalla Hniya. Kaka yake alipofika mbele yake, Hniya alinyoosha mkono, akamtengeneza kola, akapiga kigelegele ambacho Bouchaib alikuwa hajakisikia tangu siku ya ile tarbushi.

Shingo ya Bouchaib ikageuka yenyewe.

"Ni mzuri," akasema, na hakuwa anasema nami. "Mola wangu, jinsi alivyo mzuri."

Hakulitanguliza lile neno, na safari hii uso wake ulionyesha wazi kwamba hata moyoni hakulisema. Miaka minne yote ilimtoka kwa pumzi moja, pamoja na pikipiki nyekundu. Kisha akajisikia. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimempiga jicho wa kwetu."

"Umempiga."

"Nyamaza, nakuomba. Nyamaza."

Mbio zile hakuziona. Tangu lango lilipofunguka alikuwa amefumba macho, amejishika tarbushi kwa mikono miwili, anasema tabarakallah tabarakallah tabarakallah, kama mtu anayezima moto kwa kikombe. Nilimtangazia mimi. Burkan mbele. Shama wa nne. Kona, Shama wa tatu. Kila niliposema amesogea, alikunja uso kama ameumwa jino, na kila niliposema amekwama, alipiga kelele, "Hapana, hapana!" Nafikiri alikuwa anaomba dua mbili kwa wakati mmoja na hajui ipi itangulie.

Burkan alisogea nje kwenye kona ya mwisho, akakaribia uzio wa nje. Shama akaingia kwa ndani, mdogo, wa majivu, masikio yamelala, akampita kwa shingo moja.

Walituangukia kama ukuta. Kabbour alimbusu Bouchaib kwenye paji la uso na kumwachia harufu ya thomu. "Umeona alivyosogea nje? Kama amesukumwa na mkono! Jicho! Jicho la Si Bouchaib!" Maati alimkumbatia mara ya kwanza tangu ngazi. "Shemeji," akasema, machozi yanamtoka, "kumbe jicho hilo Mungu alilipangia kazi."

Bouchaib alikuwa amepauka kama karatasi ya mkeka. Wote walidhani ni furaha. Mimi peke yangu nilijua anapiga hesabu gani. Alikuwa amemtazama Shama mchana kweupe, kwa husuda yote aliyoiweka akiba tangu ana miaka kumi na tisa, na Shama amekimbia vizuri kuliko siku zote. Jicho halikuwa na kitu. Gurudumu lilipasuka kwa sababu lori lilikuwa la Kabbour. Kikohozi kilitokana na vumbi. Mtu anaweza kuvumilia umaskini, hata kuvumilia shemeji. Lakini kuwa hasidi asiye na madhara, hiyo ni fedheha ambayo humwambii hata mkeo.

Mpiga picha akaja, akauliza nani anamiliki nini, kisha akapanga watu kwa haki. Miguu ya mbele, mbele. Mguu wa kulia, kulia. Hajji Jilali, kushoto. "Na wewe, mzee?"

"Kwato," akasema Bouchaib. "Ya nyuma."

"Basi nyuma."

Hatamu alipewa Lalla Hniya, kwa sababu Maati alisema bila kigelegele chake Shama asingeamka.

Picha hiyo sasa imetundikwa chini ya ile ya kwanza. Ukiitazama utamwona Maati, Kabbour, Hajji, Hniya akicheka kama bibi harusi, na Shama ameinua mkia. Juu ya matako ya Shama, upande wa kushoto, kinachomoza kipande chekundu ambacho mgeni hudhani ni ndoo. Ni tarbushi. Bouchaib amegeuza tena kiti chake. Anakaa akiielekea, na kila anayeingia anaonyeshwa kwa kijiti cha meno.

Elfu sitini zilikatwa zilikokatwa. Kwato haikupata kitu, ikapata bili ya viatu. Ili kuilipa, Bouchaib ameanza kuuza misumari. Kiatu kina misumari saba, dirham mia mbili kila mmoja, na mwenye msumari ana haki ya kusema "farasi wetu". Aliniletea mimi kwanza. Nikavaa uso wa kitaalamu, nikamwambia msumari wake umepinda, na mkahawa ukacheka. Thami akanunua miwili.

Tangu hapo Thami hawezi kuweka glasi mezani bila kusema, "Sisi wenye farasi tuna shida zetu." Jana alimwambia Bouchaib, mbele yangu, kwamba watu wasio na kitu uwanjani hawawezi kuelewa bei ya shayiri. Wakaitikiana kwa vichwa, wale wawili, kama mawaziri.

Nikainuka. Nikasimama chini ya picha, mikono nyuma.

"Si Bouchaib," nikasema, "kumbe tarbushi yako imetoka vizuri sana."

Vijiko vilisimama kwenye glasi.

"Sema tabarakallah," akasema Bouchaib.

"Nimesema moyoni."

Katika mkahawa ule wote ni yeye na mimi tu tunaojua kwamba jicho halifanyi kazi. Hata hivyo aliinuka, akabeba kiti chake, akaja akakiweka kati yangu na picha, akakaa.